C3 na C4 zikishuka kwa mgonjwa wa lupasi: komplementi inalinda au inaumiza?

Swali, kwa kifupi, linatoka kwa mama mmoja: "Binti yangu ana miaka 19 na anatibiwa lupasi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe. Vipimo vya karibuni vimeonyesha C3 na C4 ziko chini, na mkojo wake una protini na damu. Daktari amesema komplementi imeshuka kwa sababu ugonjwa umechachamaa, na anataka achukuliwe kipande kidogo cha figo kikapimwe. Nimesoma mahali kwamba komplementi ni kinga ya mwili, na mahali pengine kwamba ndiyo inayoleta inflamesheni, yaani tishu kuvimba na kuwaka. Kama ndiyo inayoziumiza figo za mwanangu, kushuka kwake si heri? Na kama ni kinga, nimpe nini ipande?"

Mama, pole kwa kuuguza. Daktari wa binti yako yuko sahihi, na mkanganyiko ulioupata huwapata hata wanafunzi wa udaktari. C3 na C4 ni protini mbili za komplementi, na namba zake kwenye karatasi ya majibu hazipimi kazi ambayo komplementi inafanya. Zinapima protini iliyobaki kwenye damu ikiwa bado haijatumika. Ni kama salio la akaunti: likishuka ghafla, swali la kwanza ni fedha zimekwenda wapi. Kwa binti yako, protini na damu kwenye mkojo zinaelekeza kidole kwenye figo.

Kwa hiyo kushuka si heri, ingawa uliyoyasoma yote mawili ni kweli. Komplementi ni kinga, na komplementi huumiza. Inategemea imewashiwa wapi, na breki zake zinafanya kazi au la.

Komplementi ni kundi la protini zaidi ya 30 zinazozunguka kwenye damu, nyingi zikitengenezwa na ini. Ukijumlisha vipokezi na vidhibiti vilivyo kwenye utando wa seli, zinavuka 50. Baadhi zina herufi C na namba, C1 hadi C9. Nyingine zinaitwa faktori B, faktori D, faktori H, properdini na kadhalika. Namba zenyewe usizifuate sana, kwa sababu C4 hufanya kazi kabla ya C2 na C3. Zilipewa namba kadiri zilivyogunduliwa, na baadaye hakuna aliyejisumbua kuzipanga upya. C3 ndiyo iliyo nyingi kuliko zote: kwa mtu mzima mwenye afya huwa takriban gramu 0.9 hadi 1.8 kwa kila lita ya seramu (maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe), na C4 takriban gramu 0.1 hadi 0.4. Maabara hutofautiana kidogo, hivyo linganisha majibu ya binti yako na viwango vilivyochapwa kwenye karatasi ileile.

Aliyezionyesha kwa mara ya kwanza kwa namna iliyoeleweka ni Jules Bordet, Mbelgiji aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris katika miaka ya 1890. Aligundua kwamba seramu ya mnyama aliyechanjwa inaua bakteria kwa msaada wa vitu viwili. Kimoja kinastahimili joto, nacho ndicho kingamwili, protini ya kinga inayokamata adui. Cha pili kinaharibika seramu ikipashwa moto hadi nyuzi 56 hivi, nacho ndicho komplementi. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1919. Hadi leo maabara ikitaka seramu isiyo na komplementi inaipasha kwa nyuzi 56 kwa dakika 30. Ulegevu huu wa komplementi mbele ya joto una athari kwa majibu ya vipimo, nami nitaugusia mbele.

Mtu akiwa mzima, protini hizi zinazunguka bila makali. Zinaamshwa kwa njia tatu. Ya kwanza inaanzia kwenye kingamwili: kingamwili zikishakamata kitu, protini ya C1q inazishika na kuwasha mnyororo unaopitia C4 na C2. Ya pili haihitaji kingamwili; kuna protini zinazotambua sukari za aina fulani zilizo kwenye ngozi ya vijidudu, nazo zinawasha C4 na C2 vilevile. Ya tatu ndiyo ya ajabu kuliko zote, kwa sababu haihitaji kichocheo. C3 kidogo inajifungua yenyewe muda wote, saa zote, ndani ya kila mmoja wetu. Ikitua kwenye seli yako inazimwa papo hapo. Ikitua kwenye bakteria asiye na breki, inaalika faktori B na faktori D, na moto unawaka. Njia hii ya tatu haigusi C4 kabisa. Shika hilo, maana ndilo daktari analoliangalia anaposoma C3 na C4 kwa pamoja.

Njia zote tatu zinakutana kwenye C3. Kimeng'enya kinaikata vipande viwili. Kipande kidogo, C3a, kinaelea na kuondoka. Kipande kikubwa, C3b, kina sehemu moja inayonata kwa nguvu, lakini kwa muda mfupi mno, sehemu ndogo sana ya sekunde. Isipopata uso wa kushika hapo jirani, inapoteza uwezo huo. Ndiyo maana komplementi huchoma pale ilipowashwa na haisambai ovyo mwilini. Vijidudu vilivyopakwa C3b huwa rahisi kumezwa na chembe nyeupe, na kwa maoni yangu hii ndiyo kazi kubwa ya komplementi, kuliko ile ya kutoboa bakteria inayopendwa kuchorwa vitabuni. Isitoshe, kila C3b iliyonata inaweza kuunda kimeng'enya kipya cha kukata C3 nyingine. Mzunguko huu unajikuza wenyewe. Cheche iliyoanzia kwenye kingamwili chache inaweza kumaliza C3 nyingi kwa njia hiyo.

Baada ya C3 inafuata C5, nayo hukatwa vipande viwili vilevile. C5b inaungana na C6, C7 na C8, kisha molekuli hadi 18 za C9 zinajipanga duara na kutoboa utando wa seli. Bakteria wengi wana ukuta mnene na tundu hilo haliwasumbui. Wanaouawa vizuri kwa njia hiyo ni jamii ya Neisseria, wakiwemo wanaoleta homa ya uti wa mgongo. Watu waliozaliwa bila C5, C6, C7 au C8 huugua homa hiyo tena na tena, huku magonjwa mengine ya kuambukiza yakiwapita kama yanavyowapita watu wengine. Mwili wenyewe umetufanyia jaribio na kutuonyesha tundu lile lina kazi gani.

Sasa C5a. Ukiniuliza inflamesheni ya komplementi inatoka wapi hasa, nitakutajia hii kabla ya nyingine yoyote. Ni kipande kidogo kinachoelea, na chembe nyeupe aina ya nutrofili zinakinusa na kukifuata hadi kinakotoka. Kinalegeza kuta za mishipa midogo ya damu ili maji na protini zipenye kwenye tishu. Kinazifanya seli za masti zimwage histamini. Kinazitayarisha nutrofili zimwage vimeng'enya na kemikali kali zilizokusudiwa kuua vijidudu. Joto, wekundu, uvimbe na maumivu unayoyaona kwa macho kwenye kidonda kilichoingia vijidudu ni kazi ya C5a kwa sehemu, pamoja na C3a na kemikali nyingine za mwili. Kwenye kidonda ni jambo jema. Kwenye kichujio cha figo ni balaa, kwa sababu hakuna kijidudu cha kuua, na vimeng'enya vilevile vinaishia kutafuna ukuta wa kichujio.

Breki zipo, na ni nyingi. Kizuizi cha C1 kinasimama mlangoni pa njia ya kwanza na ya pili. Faktori H na faktori I zinavunja C3b iliyotua pasipo mahali pake. Juu ya seli zetu kuna CD46 na CD55 zinazozuia vimeng'enya vya C3, na CD59 inayomzuia C9 asijipange duara. Mwili umewekeza kwenye kudhibiti komplementi karibu sawa na ulivyowekeza kwenye kuitengeneza, na magonjwa mengi ya komplementi ninayoyajua ni magonjwa ya breki.

Lupasi iko tofauti kidogo. Breki za binti yako huenda ni nzima. Tatizo ni kwamba kingamwili zake zimeshika kitu kisicho adui, yaani DNA na protini za viini vya seli zake mwenyewe. Zikishikana zinaunda vifungamano vidogovidogo. Vingine vinanasa kwenye vichujio vya figo, vingine vinaundwa palepale. C1q inaviona na kufanya kile ilichoumbiwa: C4 inakatwa, C4 na C2 zinakata C3, mzunguko unajikuza, C5a inaita nutrofili. Kichujio kinavimba, protini na chembe nyekundu zinavuja kwenye mkojo. Ini linaendelea kutengeneza C3 na C4 mpya, lakini matumizi yakizidi utengenezaji, namba kwenye damu zinashuka. Hivyo ndivyo inflamesheni inavyoweza kupanda na komplementi ikashuka kwa wakati mmoja.

Kipande cha figo anachokitaka daktari kitatazamwa kwa darubini ya kawaida, kisha kwa rangi maalumu zinazong'aa. Kwenye lupasi ya figo mara nyingi huonekana kingamwili za aina ya IgG, IgA na IgM, pamoja na C3 na C1q, vyote vimejipanga pamoja. Mchanganyiko huo kamili ni nadra kuupata kwenye magonjwa mengine ya figo. Hapo ndipo zilipo C3 zilizopotea kwenye damu. Usiogope kipimo hicho kupita kiasi. Kina hatari ya kutoka damu, na daktari atakueleza tahadhari zake, lakini bila yeye kuona ni daraja gani la madhara, atatibu kwa kubahatisha, na dawa za lupasi ya figo si za kubahatisha.

Hata hivyo sipendi C3 na C4 zisomwe peke yake. Kwanza, zote mbili hupanda mwili ukiwa na inflamesheni ya aina yoyote, kwa sababu ini huongeza utengenezaji. Mgonjwa anaweza kuwa anaitumia C3 kwa kasi huku ini likijaza kwa kasi ileile, na majibu yakasomeka "kawaida". Ujauzito nao huzipandisha. Pili, wapo watu waliozaliwa na nakala chache za jeni za C4. Kwao C4 huwa chini siku zote, hata lupasi ikiwa imelala. Mgonjwa wa namna hiyo akibadilishiwa dawa kila karatasi inapoonyesha C4 ndogo, atameza dawa nzito bila sababu. Tatu, ini lililochoka sana au utapiamlo mkali hupunguza utengenezaji wenyewe. Kwa hiyo kinachosema zaidi ni mwelekeo: C3 ya binti yako ilikuwa ngapi alipokuwa mzima, ilikuwa ngapi miezi mitatu iliyopita, ni ngapi leo. Ikiwa inashuka huku kingamwili dhidi ya DNA zinapanda na mkojo unachafuka, hiyo ni lugha moja inayosemwa na vipimo vitatu.

Jinsi zinavyoshuka pia inasaidia. C3 na C4 zikishuka pamoja, njia ya kwanza imewashwa, na lupasi ndiyo mfano wake mkuu. C3 ikishuka peke yake huku C4 ikiwa sawa, daktari anafikiria njia ya tatu. Mfano ni ugonjwa wa figo unaofuata maambukizi ya streptokokasi ya koo au ngozi, ambapo C3 kwa kawaida hurudi yenyewe ndani ya wiki sita hadi nane. Isiporudi, kuna ugonjwa mwingine wa nadra wa kuutafuta, ambamo mara nyingine mwili umetengeneza kingamwili inayokishikilia kimeng'enya cha C3 kisivunjike. C4 ikishuka peke yake, mawazo yanakwenda kwenye upungufu wa kizuizi cha C1, au kwenye protini za damu zinazogandamana kwenye baridi, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya C.

Lipo pia suala la sampuli. Vipimo vya wingi wa C3 na C4 ni vumilivu. Lakini kuna kipimo cha utendaji wa mnyororo mzima, kiitwacho CH50, na hiki kinahitaji seramu itenganishwe na kugandishwa mapema. Ikikaa mezani kwenye joto, komplementi inakufa ndani ya chupa na majibu yanatoka sifuri kwa mtu asiye na tatizo. Ukiwahi kuletewa CH50 ya sifuri wakati C3 na C4 ziko sawa, omba irudiwe kabla ya kukosa usingizi. Ikirudi sifuri tena kwa sampuli iliyotunzwa vizuri, hapo ndipo mtu anatafutwa upungufu wa kuzaliwa.

Sasa kuna fumbo ambalo naona ndilo moyo wa swali lako. Ikiwa komplementi ndiyo inayoumiza figo kwenye lupasi, tungetarajia mtu aliyezaliwa bila C1q asiugue lupasi kamwe. Inatokea kinyume. Wachache wanaozaliwa bila C1q kabisa, wengi wao hupata lupasi au ugonjwa unaofanana nayo, mara nyingi wakiwa watoto. Kukosa C4 kabisa nako kunaongeza hatari hiyo sana. Maelezo yanayokubalika ni kwamba C1q, C4 na C3 zina kazi ya usafi. Mabilioni ya seli hufa kila siku mwilini, na makapi yake, DNA ikiwemo, hupakwa komplementi ili yamezwe kimyakimya kabla mfumo wa kinga haujayazoea kama adui. Vifungamano vya kingamwili navyo hubebwa na chembe nyekundu, kwa kipokezi cha komplementi kilicho juu yake, hadi kwenye ini na wengu vikaondolewe. Usafi ukikosekana, makapi yanalala nje, na kwa mtu mwenye mwelekeo wa kurithi kinga inaanza kuyatengenezea kingamwili. Wapo hata wagonjwa wa lupasi wanaotengeneza kingamwili dhidi ya C1q yenyewe, na hao huwa na figo zinazosumbua zaidi.

Hivyo kwenye lupasi komplementi ina nyuso mbili kwa wakati mmoja. Sehemu yake ya mwanzo inamlinda binti yako kwa kusafisha, na sehemu yake ya mwisho, hasa C5a, inamuumiza. Ndiyo maana kuizima yote tangu juu kunatia wasiwasi, na kuipandisha yote kungekuwa ni kuongeza kuni.

Huenda ukauliza kama kuna dawa ya kuizuia. Jibu ni kwamba zipo, na zilianzia kwenye magonjwa ya breki. Kuna ugonjwa wa damu ambamo seli mama moja ya uboho inapata hitilafu kwenye jeni iitwayo PIGA, na chembe nyekundu zinazotokana nayo zinatoka bila CD55 na CD59. Komplementi inazitoboa zikiwa ndani ya mishipa, mkojo unakuwa mweusi, na damu inaganda mahali pasipotakiwa. Mwaka 2007 Marekani iliidhinisha ekulizumabu, kingamwili iliyotengenezwa maabara inayoishika C5 isikatwe. Ugonjwa uliokuwa ukiua wagonjwa wengi ukageuka kuwa ugonjwa wa kuishi nao. Mwaka 2011 dawa hiyohiyo iliruhusiwa kwa ugonjwa mwingine wa breki, unaotokana mara nyingi na kasoro za faktori H na wenzake, ambao huziba mishipa midogo ya figo kwa mabonge ya damu. Sasa zipo pia za kuzuia C3, na iptakopani ya kumeza inayozuia faktori B.

Jicho nalo limo. Mwaka 2005 makundi kadhaa ya watafiti yalionyesha kwamba badiliko moja tu kwenye faktori H linaongeza sana hatari ya kuharibika kwa kitovu cha retina uzeeni. Dawa za kudunga jichoni zinazozuia C3 au C5 zilipata idhini Marekani mwaka 2023. Zinapunguza kasi ya uharibifu; hazirudishi uoni uliokwisha potea.

Ninaoupenda zaidi kama fundisho ni ugonjwa wa mishipa ya damu unaoletwa na kingamwili dhidi ya nutrofili. Kwenye damu ya wagonjwa hawa C3 na C4 huwa za kawaida, na kwenye kipande cha figo komplementi inaonekana kidogo sana au haionekani. Kwa miaka mingi watu wakasema komplementi haihusiki. Kumbe C5a ilikuwa ikizichochea nutrofili muda wote, kwa kiasi kidogo kisichotikisa namba za damu. Mwaka 2021 avakopani, kidonge kinachoziba kipokezi cha C5a, kiliidhinishwa kwa ugonjwa huo, na kiliwasaidia wagonjwa kutumia kidogo steroidi, yaani dawa kali za kutuliza inflamesheni. Kwa hiyo namba za kawaida haziwezi kukuhakikishia kwamba komplementi imelala.

Kwa lupasi ya figo dawa hizi bado si tiba ya kawaida. Tiba inayojulikana inalenga juu zaidi, kwenye kingamwili na seli zinazozitengeneza: haidroksiklorokwini kama msingi, steroidi, kisha mikofenoleti au siklofosfamidi, na siku hizi belimumabu au dawa nyingine kuongezea. Kingamwili zikipungua, vifungamano vinapungua, komplementi inaacha kutumika, na C3 inapanda yenyewe. Hiyo ndiyo njia ya kweli ya kuipandisha.

Swali lako la mwisho, umpe nini ipande, nalijibu moja kwa moja: usimpe chochote. Hakuna chakula, kidonge wala mchanganyiko wa mitishamba unaojaza C3. Bidhaa zinazouzwa kwa ahadi ya "kuongeza kinga" ziache kabisa. Kwa mgonjwa wa lupasi kinga haijapungua, imepotoka, na baadhi ya vitu hivyo huumiza figo au ini. Hata plazma ya kuongezewa, ambayo kweli ina C3 na C4 ndani yake, hapewi mgonjwa wa lupasi kwa ajili ya kupandisha namba.

Lakini upande wa kinga usiusahau. Komplementi ikiwa chini na dawa za kupunguza kinga zikiwa juu, bakteria wenye ganda, kama nimokokasi na wale wa homa ya uti wa mgongo, wanapata mwanya. Muulize daktari kuhusu chanjo dhidi yao, ikiwezekana kabla dawa nzito hazijaanza. Chanjo zilizotengenezwa kwa vijidudu vilivyo hai kwa kawaida hazifai akiwa kwenye dawa hizo. Na homa yoyote akiwa kwenye matibabu isisubiri asubuhi. Wagonjwa wanaotumia dawa za kuzuia C5, kwa mfano, hutakiwa kuchanjwa angalau wiki mbili kabla ya kuanza, na bado hubeba kadi ya tahadhari, kwa sababu chanjo haiondoi hatari yote.

Mambo mawili madogo ya nyumbani yana faida kuliko kutafuta vyakula. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki zisiingie mdomoni mwake bila ruhusa, maana zinaongeza mzigo kwa figo zilizovimba. Na steroidi zisikatishwe ghafla hata akijisikia mzima. Zinapunguzwa kwa ratiba ya daktari.

Ukienda kuonana naye, beba majibu yote ya zamani, si ya mwisho tu, na uulize haya: C3 yake ilikuwa ngapi alipokuwa hana dalili? Kingamwili dhidi ya DNA zimepanda? Protini ya mkojo ni kiasi gani ikilinganishwa na kreatinini (taka inayotolewa na figo)? Presha yake ikoje? Kisha, matibabu yakishaanza, tazamia kwamba C3 inaweza kuanza kupanda ndani ya wiki kadhaa huku protini ya mkojo ikichukua miezi kushuka, kwa sababu moto ukizimwa kichujio bado kinahitaji muda wa kupona. C4 ikichelewa nyuma au isipofika kiwango cha maabara kabisa, muulize daktari kama huenda ni ya kurithi kabla ya kuihesabu kama ugonjwa uliogoma.